Samaki wa Ganga Aliyepitia Pangani

Katika duka la samaki la Bushra, pale Fordsburg, Johannesburg, jirani kabisa na Newtown, kisu hakishikwi mkononi. Kisu kimesimamishwa juu ya ubao, kimepinda kama mundu, na mkataji huketi chini, akaukanyaga ubao kwa mguu mmoja, kisha akamsukuma samaki kwenye makali kwa mikono miwili. Siku Mayasa alipoonyeshwa kisu hicho mara ya kwanza alicheka, akauliza kama si mbuzi ya kukunia nazi iliyopotea njia. Akaketi kama alivyokuwa akiketi kwao, akakata. Bushra alikuwa amekwisha kuwaachisha kazi wakataji kadhaa waliotaka kusimama mezani na mapanga. Alimtazama Mayasa mpaka samaki akaisha, akamwambia aje tena kesho. Kesho hiyo imekuwa miaka mingi.

Mayasa ni mzaliwa wa Pangani, mkoa wa Tanga, pale mto unapomwagika baharini. Mama yake alikuwa mchuuzi. Alinunua samaki asubuhi, akawapasua mgongoni kutoka kichwani hadi mkiani, akawafunua kama msahafu, akawasugua chumvi, akawaanika. Hao ndio ng'onda, na ng'onda wa mama yake walipanda mabasi ya Korogwe na Moshi, kwa watu walio mbali na bahari. Shuleni wenzake walimwita Chumvi. Alilichukia jina hilo utotoni, ukubwani alilisahau. Alikuja Johannesburg kumfuata mumewe, fundi seremala. Mume alipofariki hakurudi nyumbani. Alibaki kwenye fleti ya Hillbrow aliyoishi na wenzake wawili wa Tanga, mchana akikata samaki, jioni akishona kofia za viua ambazo wanaume walizinunua kabla ya Idi.

Bushra naye ana safari yake. Alizaliwa Murshidabad, upande wa India wa Bengali, kwenye ukingo wa mto Ganga. Aliolewa na mtu mwenye duka Kariakoo, akakaa Dar es Salaam mpaka Kiswahili kikawa ndiyo lugha anayogombea. Kisha wakahamia Afrika Kusini, na huku akawa mjane kama Mayasa. Wateja wakipungua, Bushra huchovya kidole kwenye maji ya barafu na kuchora mto juu ya meza ya bati. Ganga huyu hapa, anashuka milimani, anapita tambarare. Hapa Farakka kuna ukuta wa malango uliokatiza mto kutoka ukingo hadi ukingo. Mbele ya hapo mto unagawanyika: mkono mmoja unaingia Bangladesh na kuitwa Padma, mwingine unashuka kusini, unaipita Kolkata, unaingia baharini. Samaki aitwaye ilish hutoka baharini akapanda mto kwenda kutaga, na wengi safari yao huishia kwenye malango yale. Rui ni mwingine. Rui ni wa maji baridi tangu kuzaliwa hadi kufa. Hutaga mvua inapoufurisha mto, na bahari haijui. Kisha Bushra huonyesha kwa ncha ya kidole kilipokuwa kijiji chao. Ukingo uliendelea kumeguka mwaka baada ya mwaka, na kaka yake amekwisha kuihamisha nyumba mara kadhaa, kila mara akirudi nyuma zaidi ya maji. Akifika hapo hupangusa meza kwa kiganja, akasema, "Haya, kazi."

Rui waliokuwa wakifika dukani, ukweli ni kwamba wengi si wa mto. Ni wa mabwawa ya kufugia ya Andhra, kusini huko, wanaosambazwa nusu ya India kwa malori ya barafu na wengine kugandishwa wauzwe ng'ambo. Wanunuzi walikuwa vijana wa Kibangladeshi wanaouza mablanketi na vifuniko vya simu, wanaoishi wengi chumba kimoja, wake zao wamebaki nyumbani. Wote walitaka kitu kimoja: rui akatwe vipande vya mchuzi, kichwa kipasuliwe. Kwa miaka yote hiyo Mayasa hakuwahi kumwona rui akitoka dukani akiwa mzima. Hilo liwekwe akilini, maana mambo yote yaliyofuata yalianzia hapo.

Mwaka huu Tanvir, mtoto pekee wa Bushra, alipata mchumba. Binti mwenyewe alikuwa ameridhika. Baba yake ndiye aliyekuwa mgumu. Mhandisi Rezaul ni mhandisi wa maji, ana nyumba na ofisi Randburg, kaskazini mwa jiji, asili yake Kolkata, na kwa muda mrefu alipotajiwa posa hiyo alibadili mazungumzo. Watu walimletea Bushra maneno kwamba mhandisi hataki nyumba yake inuke samaki. Mwishowe akakubali, lakini kwa namna ya mtu anayekubali kupokea mzigo wa jirani: akisubiri sababu ya kuurudisha.

Ndipo kaka yake Bushra, kule Murshidabad, alipotuma rui. Alikuwa rui wa mto hasa, aliyenaswa Ganga, mkubwa, urefu wake kama mkono wa mtu mzima kutoka begani hadi vidoleni. Wakubwa wa namna hiyo mtoni ni wa kubahatisha siku hizi, na kaka alikuwa amewaomba wavuvi msimu mzima. Mkiani alikuwa na pengo, kipande kimeng'oka zamani na kidonda kikapona. Kaka alimpiga picha, akaituma kwa Bushra, na Bushra, kwa furaha, akaituma Randburg. Samaki mwenyewe akafuata kwa ndege, amegandishwa mzima na magamba yake na tumbo lake, kwenye sanduku la mfanyabiashara mwenzao. Bushra alimlaza chini kabisa ya friza kubwa, akamfunika kwa gunia safi.

Jumatatu ya wiki ya harusi Bushra na Tanvir walikwenda Durban kutafuta sari na kuwachukua jamaa zao. Alimwachia Mayasa ufunguo. Akiwa mlangoni, begi mkononi, alirudi hadi kwenye friza, akaligonga.

"Huyu ni wa harusi, Mayasa. Wengine wote wauze, watupe, wape paka. Huyu asiharibike."

"Nenda kwa amani, Mama Tanvir. Hataharibika."

Jumanne asubuhi umeme ukakatika. Nyaya za chini ya ardhi zilikuwa zimechimbuliwa na wezi, na mtaa mzima ukazimika, maduka, misikiti na robot, yaani taa za kuongozea magari barabarani. Mwanzoni hakuna aliyejali. Mayasa hakulifungua friza hata mara moja. Aliwaambia wateja waje kesho, akaligubika friza kwa mablanketi, akaketi juu yake kama kuku anayeatamia, hata usiku.

Jumatano haukurudi. Barafu ikawa kitu cha kugombewa. Wenye bucha waliizoa yote alfajiri, na kila spaza, viduka vya mitaani, aliyoingia Mayasa alioneshwa jokofu tupu. Jirani yake ukutani ni Marcellin, Mkongo wa Bukavu, kinyozi, mtu wa maneno mengi na moyo mwema. Jenereta lake dogo lilitosha mashine ya kunyolea na taa, basi. Walipojaribu kuliunganisha na friza lilikohoa likazimika, na mteja mmoja akaenda zake na nusu ya kichwa. Marcellin alimtembeza Mayasa Newtown kutafuta barafu. Walirudi na mfuko mmoja uliokuwa ukiyeyuka njiani.

Alhamisi, jua lilipopanda, maji yenye damu yalianza kutambaa kutoka chini ya friza. Mayasa alifunua. Wale wa juu walikuwa wamelegea kabisa. Aliwagawa bure kwa majirani, na watu wakamwombea dua. Alipofika chini, kwa rui wa Ganga, alipiga goti. Macho yalikuwa bado maangavu. Mashavu, alipoyafunua, yalikuwa bado mekundu. Watu husema samaki huanza kuoza kichwani, lakini mkataji hamtazami kichwani, humbonyeza tumbo. Mayasa alibonyeza. Alama ya kidole ikabaki palepale, kama kwenye unga uliokandwa.

Marcellin alisimama nyuma yake, shingo ameinyoosha.

"Mama Mayasa, hii samaki iko nakufa mara ya pili."

"Usinicheke, Marcellin."

"Sicheke, Mama. Niko nakwambia."

Marcellin alikumbuka kwamba kuna mtu wa kwao huko Hillbrow, mwenye bucha, ambaye umeme wa mtaa wake haukuguswa, na friza lake si jokofu dogo kama la fletini kwa Mayasa. Walimfunga rui kwenye gunia na ule mfuko wa barafu, wakampakia kwenye teksi, abiria wakafungua madirisha bila kuambiwa. Mwenye bucha aliwapokea vizuri. Alifungua friza lake, akapima kwa macho, akasema atamweka kwa moyo mmoja, ila hatoshei. Akachukua msumeno wa mifupa, akauliza kama akate mkia au kichwa.

Mayasa alimkumbatia samaki. Ule mkia wenye pengo ndio uliokuwa kwenye picha, na picha ilikuwa Randburg. Alishukuru, wakarudi.

Njiani alishuka Newtown, ambako simu ilishika mtandao, maana wa Fordsburg ulikuwa umezimika pamoja na umeme, akampigia Bushra. Ililia mpaka ikakata. Akapiga tena. Bushra wakati huo alikuwa ndani ya duka la sari, simu ikiwa chini ya begi, chini ya vitambaa. Alipoiona na kupiga, ya Mayasa ilikuwa imekwisha chaji.

Basi ilipofika alasiri Mayasa alikuwa peke yake dukani, samaki juu ya meza ya bati, nzi mlangoni. Tumbo lilikuwa limeanza kujaa. Tumbo la samaki wa mto likipasuka, nyama yote inachukua uchungu wa nyongo, na hapo hakuna dawa. Alijua kwamba ifikapo asubuhi atakuwa na kitu cha kutupa. Alijua pia, tangu akiwa na umri wa kubeba ndoo, namna ya kumwokoa samaki pasipo na barafu. Mama yake angekuwa hapo asingefikiri hata kidogo. Samaki ni wa harusi. Harusini watu hula. Heri watu wale samaki wa chumvi kuliko walale na aibu. Heri nusu shari kuliko shari kamili.

Alikwenda kununua chumvi ya mawe. Aliketi ubaoni, akamsimamisha rui tumbo chini, akamsukuma mgongo kwenye makali taratibu, kutoka kichwani hadi karibu na mkia, akiacha tumbo na mkia bila kuvigusa. Akamfunua. Akatoa matumbo, akaitoa nyongo nzima bila tone kumwagika, akaosha, akasugua chumvi kila pembe. Harufu ile ya utotoni ikajaa dukani. Alipomaliza, samaki alilala mezani amefunguka kama kitabu, na Mayasa, kwa mara ya kwanza tangu Jumanne, alilala usingizi.

Bushra alifika Ijumaa kabla ya adhuhuri, Tanvir akiwa amewapeleka jamaa nyumbani. Aliingia anacheka, mikono imejaa mifuko, akauliza vipi, mgeni wangu wa kwenye friza yu hali gani? Mayasa alimfunulia kitambaa kwa fahari kidogo.

Bushra aliiweka mifuko chini mmoja mmoja. Kisha akaketi penye ubao wa kukatia, mahali pa Mayasa, kama mtu aliyeambiwa habari ya msiba.

"Umemfanya nini bi harusi wangu?"

Ndipo Mayasa alipoelezwa. Kwa Wabengali, siku ya kumsinga bi harusi manjano, upande wa bwana harusi hupeleka zawadi, na mbele ya zawadi zote hutangulia rui. Rui huyo huvikwa sari nyekundu, akatiwa kipini, akawekwa tambuu mdomoni na shada la asmini shingoni. Ni bi harusi wa samaki. Hupelekwa mzima, mnono, tumbo limejaa, kwa sababu ndiye dua yenyewe: nyumba iwe nzima, ijae. Wanawake wa ukweni humpokea, humtania, kisha hupikwa siku ileile. Aliyepasuliwa hapelekwi.

"Hukuniambia," Mayasa alisema.

"Nilidhani unajua. Mwaka wa ngapi huu uko nami?"

"Mama Tanvir, mimi nimewaona wakitoka hapa vipande tu."

Bushra akafumba macho. Alikuwa akifikiria namna ya kutoka. Angeweza kununua rui mwingine, wa bwawa, kwenye duka lenye umeme, akamvika sari na kumwita wa Ganga. Lakini Mhandisi Rezaul alikuwa na ile picha, na ameionyesha kwa kila mgeni wake. Kwenda bila samaki ni kumpa mhandisi ile sababu aliyokuwa akiingoja. Kwenda na huyu, jinsi alivyo, ni hivyohivyo.

"Unashona kofia," Bushra alisema hatimaye, bado amefumba macho.

Walimloweka kwenye maji, wakayabadilisha tena na tena mpaka jua likapungua. Nyama ililainika, lakini chumvi ikishaingia haitoki yote. Bushra alileta majani ya mgomba kutoka kwa muuza mboga, akayakunja, akamjaza nayo tumbo mpaka likapata umbo. Mayasa akatoa sindano ya kofia na uzi mweupe. Alishona mgongo kwa mishono midogo ambayo mtu asingeiona bila kuinama, akipitisha uzi chini ya magamba. Mikono ilikuwa imara. Bushra alishika taa ya simu, na mara moja tu akasema Tanvir asijue.

Jumamosi waliondoka na gari la kukodi. Mayasa alikaa nyuma na sinia magotini, rui ndani ya sari nyekundu, kipini kinang'aa, tambuu mdomoni. Kila robot walipofunga breki, aliubana mgongo wa samaki kwa kiganja na kuhesabu mishono kwa vidole kupitia kitambaa. Mmoja ulikuwa umelegea. Aliuzuia kwa kidole gumba mpaka Randburg.

Kwenye nyumba ya mhandisi wanawake walikuwa wamejipanga mlangoni na manjano kwenye vidole. Walimzunguka samaki kwa vicheko. Mmoja akauliza mbona bi harusi wenu amekonda macho, au mlimnyima wali? Bushra akajibu kwamba hakulala, aliwaza mama mkwe atakuwaje. Wakacheka zaidi. Vicheko vya Bushra vilitoka kwa wakati wake, lakini Mayasa, aliyemjua, aliona jinsi alivyoukamata ukingo wa sari yake mwenyewe.

Kisha mhandisi akaja na simu. Ni mtu mrefu, mpole wa sauti, wa kutazama kitu mara mbili. Aliinua kidogo sari mkiani, akalinganisha pengo na picha. Mhandisi akatikisa kichwa kwa kuridhika, akawaambia wageni kwa Kiingereza kwamba huyu ametoka chini ya malango ya Farakka, na kwamba yeye akiwa kijana aliwahi kupima kina cha maji pale. Bushra akashusha pumzi. Hatari ya kwanza ikapita.

Ya pili ilikuwa jikoni. Kwenye nyumba ile hakuna aliyeweza kumkata samaki wa ukubwa huo, kwa hiyo Mayasa alijitolea haraka kabla hajatajwa mwingine. Alifunga mlango, akamvua rui sari, akamgeuza mgongo uelekee ukutani. Alikuwa amekwisha kukata uzi wa kwanza mlango ulipofunguliwa. Aliyeingia alikuwa mama mzee wa mhandisi, mwanamke mdogo wa umbo, mkongojo mkononi. Alivuta kiti, akaketi karibu kabisa na ubao, akataka mafuta ya tumbo na mayai. Hayo huyakaanga mwenyewe, hamwachii mtu.

Kibengali cha Mayasa ni cha dukani: kichwa, mkia, mafuta, mayai, kata nene, kata nyembamba, chumvi. Maneno hayo yalitosha kumwelewa. Hayakutosha kumdanganya. Alibaki amemshika samaki. Mzee akanyoosha mkono mwenyewe, akaingiza vidole, akatoa jani la mgomba. Akaliweka mezani. Akatoa la pili. Aliinama, akaufuata mshono kwa ukucha kutoka kichwani hadi unapoishia, taratibu, kama mtu anayesoma.

"Siku hizi," alisema, "rui wa Ganga wanakula migomba?"

Hakungoja jibu. Alinusa vidole vyake, akavifuta kwenye kitambaa, akatoka na mkongojo wake. Mayasa alimsikia akienda sebuleni walikokaa wanaume. Hakuna sauti iliyopanda. Hiyo ilikuwa mbaya zaidi kuliko kelele. Akakata vipande, akawapa wapishi, na muda wote mchuzi ulipochemka alisikiliza mlango.

Chakula kilipoandaliwa Mayasa alisimama kwenye kizingiti cha jikoni na jagi la maji. Mhandisi alitia tonge la kwanza. Akatafuna, akaacha kutafuna. Akanywa maji. Akamtazama Bushra, akasema kwa Kiingereza, kwa ile sauti yake ya upole, kwamba kuna jambo halielewi. Rui hawezi kuishi kwenye maji ya chumvi. Kutoka Farakka hadi baharini ni mwendo mrefu wa mto. Sasa huyu samaki wao alipitia wapi, hata akafika baharini?

Wageni waliacha kula. Tanvir akamwangalia mama yake. Mzee mwenye mkongojo alikuwa ameinamia sahani yake, hajamwambia mtu kitu. Mayasa ndipo alipoligundua hilo. Midomo ya Bushra ilikuwa ikifunguka kutafuta uongo, na uongo wowote angeusema pale ungekaa naye katika ukoo ule mpaka kufa.

Mayasa aliweka jagi chini.

"Mama Tanvir, mwambie alipitia Pangani."

Bushra akageuka.

"Mwambie hivyohivyo," Mayasa akaendelea kwa Kiswahili, polepole. "Mwambie umeme ulikatika, samaki akaanza kuharibika, wewe hukuwepo. Kwetu Pangani samaki asiye na barafu hupasuliwa mgongo akatiwa chumvi. Nilimwokoa kwa jinsi ninavyojua. Habari ya kumvika sari sikuijua, na nilipoijua nilimjaza migomba, nikamshona kwa uzi. Wewe hukutenda kitu isipokuwa kushika taa."

Kulikuwa na nafasi hapo, ndogo, ambayo Bushra angeweza kupita: kutafsiri nusu, kulainisha, kumtupia mtumishi wake lawama na kuomba radhi. Mayasa aliiona nafasi hiyo usoni mwake. Bushra akamgeukia mhandisi na kutafsiri yote, neno kwa neno, hata migomba, hata uzi. Alipofika mwisho aliongeza la kwake, na Mayasa aliambiwa baadaye lilikuwa nini: kwamba yeye, mzaliwa wa ukingo wa Ganga, ndiye aliyesahau kusema.

Mhandisi alikunja leso yake, akaikunjua. Kisha akamuuliza Mayasa, moja kwa moja, kwa Kiingereza chepesi, huo Pangani ni mto?

Ni mto, Mayasa alimjibu.

Una ukuta wa maji?

Unao, alisema, juu kuna Nyumba ya Mungu, na chini, karibu na maporomoko, kuna mitambo ya umeme. Mhandisi akatikisa kichwa, kama kwamba jambo fulani angalau limekaa sawa. Hakutabasamu. Akamtazama mama yake, maana katika nyumba ile neno la mwisho halikuwa lake.

Mama mzee alikuwa bado ameinama. Katikati ya meza kilikuwa kichwa cha rui, ambacho kwa desturi yao hupewa mtu wa kuheshimiwa, na siku hiyo wote walitazamia apewe Tanvir. Mzee alinyoosha mkono, akakivuta mbele yake. Akavunja shavu, akafyonza mfupa kwa makini, macho yake kwa Mayasa.

"Chumvi imezidi," alisema.

Akavunja la pili, akaendelea kula. Mhandisi alivuta sahani yake, na wengine wakafuata. Mayasa akaliokota jagi, akapita akiwamiminia maji, kwa sababu kila mmoja alikuwa ameishika glasi yake.